Habari za Dhabihu Katika Nyumba Tatu za Ibrahimu

Wako watu wengi wanaodhani ya kuwa dhabihu ni jambo la Waisraeli wa kale tu, ambalo twalisoma katika Mambo ya Walawi kisha twafunga kitabu. Lakini hebu tuyasikilize maneno tunayoyatumia kila siku. Mgeni akipiga hodi twamwitikia, Karibu. Neno hilo asili yake ni Kiarabu, na shina lake ndilo lile lile lililozaa neno Korbani, ambalo Bwana Yesu alilitaja katika Injili ya Marko, yaani kitu kilichotolewa kwa Mungu, kitu kinachomkaribisha mtu kwake. Twasema kafara, nao Wayahudi huiita siku yao kuu ya toba Yom Kippur, na shina ni moja. Twasema sadaka, nao husema tsedaka. Twasema dhabihu na madhabahu, nao husema zevakh na mizbeakh. Jambo hili si la bahati, kwa kuwa Kiarabu na Kiebrania ni lugha za ukoo mmoja, kama vile Kisukuma na Kinyamwezi zilivyo za ukoo mmoja. Basi ulimi wetu umebeba habari za madhabahu hata pale tusipozifikiri.

Tena jambo lenyewe halikai mbali na milango yetu. Jirani Mwislamu akituletea bakuli la nyama siku ya Idi Kubwa, Mkristo aweza kula? Na siku ya arusi, ng'ombe akiisha kufungwa miguu, nani ashike kisu? Maswali haya huulizwa kwa upole katika vijiji vingi, lakini si siku zote. Mwezi wa Februari mwaka 2013, huko Buseresere katika nchi ya Geita, ugomvi juu ya nani ana haki ya kuchinja nyama ya kuuzwa uligeuka kuwa vita vya mapanga, na mchungaji mmoja akauawa. Sisi twaona ya kuwa wengi waliogombana siku zile hawakuijua historia ya jambo walilolipigania. Kwa hiyo twataka kuieleza kwa kadiri ya nafasi tuliyopewa.

Dini tatu zote husimulia habari ya Ibrahimu aliyeinua kisu juu ya mwanawe, akazuiwa, akapewa kondoo badala yake. Torati yamtaja Isaka. Kurani haitaji jina la mwana. Waislamu walio wengi husema ni Ismaili, ingawa katika wafasiri wao wa kale wako waliosema ni Isaka, na mmoja wao ni Tabari, mwanachuoni mkubwa aliyekufa mwaka 923. Mzizi basi ni mmoja. Tazama sasa jinsi matawi yalivyoachana.

Kwanza tuijue desturi ya Hekalu la Yerusalemu. Sadaka zilikuwa za namna nyingi, nasi hatutazieleza zote. Iliyokuwa msingi ni ile ya kila siku: mwana-kondoo mmoja asubuhi na mmoja jioni, pamoja na unga, mafuta na divai, wala haikukoma kwa sababu ya sabato wala sikukuu. Mtu aliyeleta mnyama wake mwenyewe aliweka mkono juu ya kichwa chake, akamchinja. Kuhani akaipokea damu, akainyunyiza madhabahuni. Kama ni sadaka ya kuteketezwa, nyama yote iliteketea, ngozi tu ikawa ya kuhani. Lakini sadaka ya amani haikuwa hivyo. Mafuta yalichomwa, kidari na paja la kuume vikawa fungu la makuhani, na nyama iliyosalia mwenyewe aliila pamoja na jamaa yake. Twamwomba msomaji aliweke moyoni jambo hili la kula pamoja, maana tutalikuta tena mbele.

Wala maskini hakuachwa nje. Asiyeweza kupata mwana-kondoo alileta hua wawili au makinda mawili ya njiwa, na asiyeweza hata ndege alileta unga, sehemu ya kumi ya efa. Mariamu na Yusufu walileta ndege, nasi twajua kwa hilo hali ya nyumba aliyolelewa Bwana wetu.

Jambo jingine ambalo wasomaji wengi hulipita mbio limo katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 12. Hapo Waisraeli waliamriwa kutoa dhabihu mahali pamoja tu. Lakini mtu akaaye mbali, akitamani nyama, aliruhusiwa kuchinja langoni pake na kula, aliye safi na asiye safi, mradi damu aimwage chini kama maji. Kuchinja huko hakukuwa dhabihu. Hakukuwa na kuhani wala madhabahu. Basi tangu zamani zile sheria ilipambanua kuchinja kwa ajili ya chakula na kuchinja kwa ajili ya ibada, na asiyeishika tofauti hii atapotea katika kila mazungumzo juu ya nyama.

Siku ya Pasaka mji ulifurika watu. Mishna, kitabu cha mapokeo ya Wayahudi kilichokusanywa yapata mwaka 200 baada ya Kristo, chaeleza ya kuwa watu waliingia uani kwa makundi matatu, na milango ikafungwa nyuma ya kila kundi. Makuhani walisimama safu kwa safu, safu ya mabakuli ya fedha na safu ya mabakuli ya dhahabu, wakipokezana damu mkono kwa mkono hata aliye karibu na madhabahu akaimwaga chini yake. Na zaburi zikaimbwa mpaka kundi lile limekwisha. Josephus, aliyekuwa mwana wa ukoo wa makuhani na mwandishi wa habari za vita, asema ya kuwa mwaka mmoja walihesabiwa wanyama 255,600 waliochinjwa tangu saa tisa hata saa kumi na moja. Saa hizo ni kama zetu Waswahili, kwa kuwa Wayahudi nao walihesabu tangu kuchomoza jua. Mtoto wa shule akipewa hesabu hiyo ataona ya kuwa ni wanyama zaidi ya 2,000 kwa kila dakika moja, naye atacheka. Josephus alipenda hesabu kubwa. Lakini hata tukiipunguza mara kumi, mji ule ulikuwa na harufu ya moshi na damu ambayo sisi hatuwezi kuiwazia.

Hekalu hilo lilikuwa la pili. La kwanza, alilolijenga Sulemani, liliharibiwa na Wababeli yapata mwaka 586 kabla ya Kristo, na la pili likamalizika yapata mwaka 515, kisha Herode akalipanua na kulipamba. Katika Hekalu hilo ilitolewa kila siku dhabihu kwa ajili ya Kaisari wa Roma, maana Wayahudi hawakukubali kumtolea Kaisari mwenyewe dhabihu kama mungu, lakini walikubali kumtolea Mungu dhabihu kwa ajili yake. Mwaka 66 kijana mmoja mkuu wa walinzi wa Hekalu, jina lake Eleazar, aliwashawishi makuhani wasipokee tena sadaka ya mgeni yeyote. Sadaka ya Kaisari ikakataliwa. Josephus asema hapo ndipo vita vilipoanzia. Yaani moto uliouteketeza mji uliwashwa penye madhabahu.

Mwaka 70 Titus, mwana wa Kaisari, aliuzingira mji wakati wa Pasaka, ukiwa umejaa wageni. Njaa ikaingia. Katika mwezi wa Tamuzi sadaka ya kila siku ikakoma, na mwezi uliofuata Hekalu likateketea. Huko Roma lingalipo lango la mawe lililojengwa kwa sifa ya Titus, na juu yake wamechongwa askari wakibeba kinara cha matawi saba na meza ya mikate. Tangu mwaka ule Wayahudi hawakutoa tena mwana-kondoo wa asubuhi wala wa jioni. Msomaji na afikiri: dini ambayo sheria zake nyingi ni za madhabahu, imepokonywa madhabahu. Kwa hesabu ya wanadamu ingalikufa.

Haikufa. Mwalimu Yohanan ben Zakkai alitoka mjini kabla haujaanguka, akakaa Yavne karibu na bahari, akakusanya wanafunzi. Mapokeo yao husimulia ya kuwa siku moja alipita penye magofu pamoja na mwanafunzi wake Yoshua, naye Yoshua akalia kwa kuwa mahali pa kusamehewa dhambi palikuwa pamebomoka. Mwalimu akamjibu ya kuwa wanayo kafara nyingine iliyo sawa na ile, nayo ni matendo ya fadhili. Akamkumbusha maneno ya nabii Hosea juu ya fadhili na sadaka. Sala za asubuhi na za alasiri zikahesabiwa kushika nafasi ya wana-kondoo wale wawili. Meza ya nyumbani ikafananishwa na madhabahu, na hata leo Myahudi mshika dini huchovya mkate katika chumvi kwa kukumbuka ya kuwa sadaka zilitiwa chumvi. Usiku wa Pasaka huweka mfupa uliochomwa katika sahani, wala hali mwana-kondoo wa Pasaka, kwa kuwa hana mahali pa kumchinjia.

Mtu mmoja alijaribu kuirudisha dhabihu ya Yerusalemu, naye hakuwa Myahudi. Kaisari Julian, aliyeuacha Ukristo, aliamuru mwaka 363 Hekalu lijengwe upya, na gharama alizitoa yeye. Ammianus, mwandishi wa siku zile ambaye hakuwa Mkristo, asimulia ya kuwa moto ulilipuka penye misingi ukawaunguza wafanyi kazi, hata kazi ikaachwa. Mwaka ule ule Julian akafa vitani katika nchi ya Uajemi.

Wayahudi wenyewe hawakuwa na neno moja juu ya jambo hili, na sisi twapenda kulieleza kwa kuwa watu huwadhania kuwa wote ni wa fikira moja. Maimonides, tabibu na mwalimu wao mkuu aliyekufa Misri mwaka 1204, aliandika katika kitabu chake cha hekima ya kuwa Mungu aliwaachia Waisraeli dhabihu kwa sababu mataifa yote ya siku zile yaliabudu hivyo, na moyo wa mtu hauwezi kuacha mazoea yake mara moja. Lakini katika kitabu chake cha sheria aliandika kwa utaratibu kila amri ya dhabihu, kama mtu atakayehitaji kuzitumia kesho. Nao wako Wayahudi ambao siku za kabla ya Yom Kippur humzungusha jogoo juu ya kichwa kisha humchinja na kumpa maskini. Walimu wakubwa waliikemea desturi hiyo, na wengi siku hizi huzungusha fedha badala ya jogoo.

Kando ya Wayahudi wako Wasamaria. Hawa ndio wale waliotajwa na yule mwanamke penye kisima cha Yakobo, waliosema ya kuwa mahali pa kuabudu ni mlima ule wa kwao, Gerizimu. Hekalu lao lilibomolewa na kuhani mkuu wa Wayahudi, Yohana Hyrcanus, zaidi ya miaka 100 kabla ya Kristo. Leo hawafiki watu 1,000. Lakini kila mwaka jioni ya Pasaka hupanda Gerizimu wamevaa nguo nyeupe, hukoka moto katika mashimo marefu, huchinja kondoo makumi kadha kwa mara moja, huwachoma wazima katika mashimo yaliyofunikwa kwa udongo, na usiku hula kwa haraka. Mtu atakaye kuona kwa macho sura ya 12 ya kitabu cha Kutoka, na aende huko.

Sasa tuje kwa Wakristo. Watu wa kanisa la kwanza hawakulikimbia Hekalu. Petro na Yohana walipanda kusali saa tisa, ndiyo saa ya sadaka ya jioni. Paulo naye, katika Matendo ya Mitume sura ya 21, aliwalipia watu wanne gharama za sadaka za nadhiri yao, na ni humo Hekaluni alimokamatwa. Lakini tangu mwanzo walisema ya kuwa mauti ya Kristo msalabani ndiyo dhabihu iliyotimiza nyingine zote, na Waraka kwa Waebrania waeleza neno hilo kwa urefu: kuhani mmoja, sadaka moja, mara moja. Basi Hekalu lilipoteketea, Wakristo hawakuwa na swali lile lililomliza Yoshua wa Yavne.

Swali lao lilikuwa jingine, nalo lilitoka kwa mataifa. Katika miji ya Warumi na Wayunani nyama nyingi iliyouzwa sokoni ilikuwa imepita penye madhabahu za miungu. Mkristo wa Korintho akialikwa chakula, ale au asile? Paulo aliwajibu kwa sura tatu: sanamu si kitu, kwa hiyo kila kiuzwacho sokoni na kiliwe bila kuuliza; lakini mtu akisema, Hii ilitolewa dhabihu, basi usile, kwa ajili ya dhamiri ya huyo aliyesema; na meza ya mashetani isishirikiwe kabisa. Haikuwa habari ndogo. Yapata mwaka 112 liwali Plinio wa Bithinia alimwandikia Kaisari Trajan ya kuwa nyama za dhabihu zilikuwa zimekosa wanunuzi kwa sababu ya Wakristo, na sasa, baada ya yeye kuwaadhibu, biashara yaanza kufufuka.

Jaribu kubwa lilikuja mwaka 250. Kaisari Decius alitaka watu wote wa dola waitolee miungu dhabihu mbele ya wasimamizi, waonje nyama, kisha wapewe hati. Hati hizo zaidi ya 40 zimefukuliwa katika mchanga wa Misri. Zote zafanana kama risiti za kodi: jina la mtu, kijiji chake, pengine kovu lake la mkono au la uso, na maneno ya kuwa amechinja, amemwaga kinywaji, ameonja, na sahihi ya walioshuhudia. Wakristo wengine walikataa wakafungwa na kuuawa. Wengine walitoa dhabihu. Wengine tena waliona njia ya tatu: walimpa karani fedha, wakapata hati pasipo kuchinja kitu. Tufani ilipopita, kanisa la Karthago chini ya askofu Cyprian lilishindana miaka kadha juu ya watu hao wenye hati za kununua: je, mtu asiyetenda, lakini akaandikisha kuwa ametenda, ameanguka au hakuanguka? Cyprian aliwapokea baada ya toba. Twadhani wako wasomaji wetu ambao, mzee wa ukoo akidai fedha za mbuzi wa tambiko, hutoa fedha kisha wakakaa nyumbani siku ya kuchinja. Hao na wafahamu ya kuwa swali lao ni la kale, wala Cyprian hakuliona kuwa jepesi.

Mwaka 391 na 392 Kaisari Theodosius alikataza dhabihu za miungu kwa sheria. Sheria ni neno moja na mioyo ni neno jingine. Mwaka 601 Papa Gregory wa Roma aliwaandikia wajumbe wake waliokwenda kuwahubiri Waingereza. Waingereza siku zile walichinja ng'ombe wengi kwa miungu yao. Gregory alisema mahekalu yasibomolewe, ila sanamu ziondolewe. Na watu, kwa kuwa wamezoea karamu, wajenge vibanda vya matawi kando ya kanisa siku ya sikukuu, wachinje ng'ombe wale kwa kumshukuru Mungu, wala si kwa shetani, kwa maana apandaye mahali palipoinuka huenda hatua kwa hatua. Mtawa Bede ameihifadhi barua hiyo. Sisi twaona ni ajabu ya kuwa taifa ambalo wana wake walikuja baadaye kutufundisha, lilikuwa na vibanda vyake vya nyama kando ya kanisa.

Ndani ya kanisa lenyewe neno dhabihu lilileta faraka. Tangu karne za kwanza Wakristo waliuita mkate na kikombe kwa jina la sadaka. Mwaka 1520 Martin Luther aliandika ya kuwa Misa si dhabihu ambayo mtu humpa Mungu, bali ni ahadi na zawadi ambayo Mungu humpa mtu. Mtaguso wa Trent ukajibu mwaka 1562 ya kuwa Misa ni dhabihu ya kweli isiyo na kumwaga damu, na ni ile ile ya msalabani. Hiyo ni sababu moja ya kuwa kijiji kimoja cha kwetu chaweza kuwa na makanisa mawili yasiyoshiriki meza moja. Nao wako Wakristo ambao hata leo huchinja: Waarmenia hubariki chumvi kanisani, humlisha mnyama chumvi ile, humchinja nje, na nyama yote huchemshwa ikagawiwa maskini na majirani. Wenyewe husema ya kuwa hiyo si kafara ya dhambi, ni shukrani na sadaka. Desturi hiyo huiita matagh.

Katika Uislamu kisu hakikuwekwa chini. Waarabu wa kabla ya Muhammad walichinja wanyama penye mawe ya miungu, na wafasiri husimulia ya kuwa walipaka damu kuta za Kaaba. Kurani ilikataza kuchinja penye mawe hayo, ikafundisha katika sura ya 22 ya kuwa nyama na damu havimfikii Mungu, ila ucha Mungu wa mtu ndio umfikiao. Mwaka 632, katika hija yake ya mwisho, Muhammad alileta ngamia 100 mahali paitwapo Mina. Mapokeo yao husema ya kuwa alichinja 63 kwa mkono wake, akampa Ali waliosalia. Kisha kipande cha kila ngamia kikatiwa chunguni, wakala na kunywa mchuzi. Nyama, ngozi na matandiko vikagawiwa maskini, na Ali akaamriwa asimlipe mchinjaji kwa kitu chochote cha mnyama.

Amri hiyo ya mwisho yaonyesha tofauti kubwa na Hekalu. Kule kuhani alikuwa na fungu lake, ngozi au kidari. Huku hakuna kuhani. Mwenye nyumba huchinja mwenyewe, au humweka mtu badala yake. Mahali pia si pamoja tu. Anayehiji huchinja Mina, na asiyehiji huchinja kwake siku ya kumi ya Mfunguo Tatu baada ya sala, au siku tatu zifuatazo. Kondoo mmoja au mbuzi mmoja ni wa nyumba moja, ng'ombe au ngamia ni wa watu saba. Mnyama asiwe chongo, kiguru, mgonjwa wala aliyekonda. Na hapo msomaji wa Malaki atatambua lawama ile ya nabii kwa makuhani waliotoa vipofu na vilema. Kwa Waislamu wa Kihanafi kuchinja ni wajibu kwa mwenye uwezo. Kwa Washafii, ambao ndio wengi wa pwani yetu, ni suna iliyotiliwa mkazo.

Wingi wa nyama umeleta taabu zake. Zamani nyama nyingi ya Mina iliharibika kwa joto, na tangu mwaka 1983 uko mpango wa Serikali ya Saudia wa kuigandisha na kuipeleka kwa maskini wa nchi nyingi. Mwaka 2025 mfalme wa Moroko aliwaomba raia zake wasichinje siku ya Idi, maana ukame wa miaka mingi ulikuwa umepunguza mifugo, akasema yeye atachinja kwa niaba ya watu wote. Dini ya wachungaji haiwezi kusahau malisho.

Turudi sasa kwenye ugomvi wa kisu. Mwislamu anapochinja kuku wa kitoweo, hutaja jina la Mungu na kukata koo. Hiyo si dhabihu. Ni namna ya kuhalalisha chakula, kama Myahudi afanyavyo kwa taratibu zake. Basi Mkristo alaye nyama ya buchani iliyochinjwa na Mwislamu hashiriki madhabahu yoyote, wala hatuoni neno katika mashauri ya Paulo limzuialo. Kwa upande wa pili, Kurani yenyewe katika sura ya 5 yasema ya kuwa chakula cha waliopewa Kitabu ni halali kwa Waislamu, na wanazuoni wengi wa kale waliliona neno hilo kuwa lahusu nyama iliyochinjwa na Wakristo na Wayahudi pia. Basi desturi yetu ya kumpa Mwislamu kisu siku ya arusi ili wote wale chungu kimoja, ambayo sisi twaiona kuwa njema sana, ni adabu ya ujirani. Waliopigana Buseresere walidhani wanapigania sheria.

Nyama ya Idi Kubwa ni neno jingine, maana hiyo ni dhabihu kweli. Lakini Paulo alikataza kilichotolewa kwa sanamu, na Mwislamu hamtolei sanamu. Hukumbuka kisu cha Ibrahimu. Ndugu wengine dhamiri zao huwazuia, nasi hatuwashurutishi. Hata Waislamu hawakukubaliana kama nyama hiyo yaweza kupewa mtu asiye wa dini yao: baadhi ya wanazuoni wa Kishafii walikataza, na wa Kihanbali waliruhusu. Nyama nyingine za kuchinja nyumbani hazikuwa na shaka hiyo. Husimuliwa katika mapokeo yao ya kuwa Abdallah bin Amr, sahaba wa Muhammad, alichinjiwa kondoo nyumbani kwake, naye alipofika aliwauliza watu wa nyumba, tena akarudia kuuliza, kama wamekwisha kumpelekea jirani yao Myahudi fungu lake.